Maswali ya Wasomaji: Nauliza jina la dirisha, naambiwa saa

Mwezi huu nafasi yote nawapa wanaotumia kompyuta kwa masikio, kama mimi, yaani kwa programu zinazosoma skrini kwa sauti: NVDA kwenye Windows, Orca kwenye Linux. Barua ya kwanza ni ndefu na nimeipunguza kidogo. Jibu sikulipunguza.

Swali: Jambo sana Yaya. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Macho yalizimika zamani lakini kazi sikuacha: asubuhi naandika barua na maombi ya watu kwenye sekretariati moja mjini, jioni naendelea nyumbani. Kazini kuna Windows na NVDA. Nyumbani, mtoto wa dada yangu aliona Windows 10 imeachwa na wenyewe, na ordinatere yangu haikubali Windows 11, basi akanitilia Linux, mfumo mwingine wa bure, yenye Orca. Inasema, sikatai. Lakini si NVDA yangu. Sauti ni ya chuma, na Kiswahili inakisoma kama Kiingereza. Nikibonyeza Insert na T nijue niko dirisha gani, inanitajia saa. Nikitaka kujaza fomu kwenye intaneti, linafunguka dirisha la mipangilio. Nifanyeje Orca iwe sawasawa na NVDA? Au nirudishe Windows? Aksanti.
*Mama Mwalimu, Katuba*

Jibu: Jambo Mama. Windows usirudishe. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine inayobeba maombi na vitambulisho vya watu haifai kuachwa bila marekebisho ya usalama. Mtoto wa dada yako amekufanyia jambo la maana, ingawa angekaa nawe jioni moja kabla ya kuondoka.

Lakini kuifanya Orca iwe NVDA, hapana. Mimi nina mashine mbili kwenye meza moja hapa Kamalondo, moja ya Windows na moja ya Linux, na kila siku navuka. Kanuni yangu ni hii: kinachoingia sikioni nakibadilisha bila huruma, kinachotoka vidoleni nakigusa mara chache sana. Sikio ni lako peke yako. Vitufe ni vya wote. Siku kijana atakapokuelekeza kwa simu, "Mama, bonyeza hapa na hapa," au utakapokaa kwenye mashine ya mtu mwingine, vitufe ulivyojitungia vitakuacha njiani.

Tuanze na sauti, maana ndiyo inayochosha. Nadhani kazini unasikiliza ile sauti ya kike ya Kifaransa inayokuja na Windows. Hiyo ni mali ya Windows, huwezi kuihamisha. Sauti ya chuma unayoilalamikia nyumbani inaitwa eSpeak NG, na imo pia ndani ya NVDA tangu siku ilipowekwa, imekaa kimya inangoja uichague. Kwa hiyo usihangaike kutafuta sauti ya kazini uilete nyumbani. Fanya kinyume: kesho kazini bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na Ctrl na S, chagua eSpeak NG, na uivumilie wiki moja. Najua haina urembo. Lakini ukiiongezea mwendo haimezi silabi, na ina Kiswahili, jambo ambalo yule mama wa Kifaransa hana. Mpe asome "chakula cha Jumatatu" uone: chakula anakiita "shakila", na Jumatatu inapoteza "u" zake zote. Watu wengi hapa Lubumbashi wameizoea hali hiyo hadi hawaisikii tena. Mimi bado inaniudhi.

Kwa kuwa unaandika Kifaransa na Kiswahili, usitegemee kompyuta ijue yenyewe lugha gani imeanza. Inajua tu pale mwandishi alipoiweka alama ya lugha ndani ya hati, na barua za sekretariati hazina alama hiyo. Kwenye NVDA tengeneza wasifu wa pili, yaani seti nyingine ya mipangilio: kitufe cha NVDA, Ctrl na P, kisha Mpya, uuite Kiswahili. Ukiwa ndani ya wasifu huo, chagua sauti ya Kiswahili ya eSpeak. Halafu nenda kwenye orodha ya amri za kibodi, uupe wasifu huo mchanganyiko wa vitufe vyako. Ukivibonyeza, sauti inageuka. Ukivibonyeza tena, inarudi Kifaransa. Hapo huvunji kanuni yangu, maana unaongeza amri mpya, huiondoi ya zamani. Orca nayo inaweka wasifu zaidi ya mmoja: fungua mipangilio, na kwenye ukurasa wa kwanza utakuta mahali pa kuuhifadhi kwa jina lingine.

Mwendo wa sauti usiunakili kwa namba. Sitini ya NVDA si sitini ya Orca. Kila programu ina kipimo chake. Chukua maneno unayoyajua kwa moyo. Mimi natumia Baba Yetu: naiandika kwenye faili, naisikiliza kwenye mashine moja, naigeukia nyingine, napandisha au kushusha hadi "mkate wetu wa kila siku" ipite kwa mwendo uleule pande zote mbili. Hata wimbo wa shule unafaa, mradi akili isifanye kazi ya kuelewa, ibaki kusikiliza tu. Kisha linganisha viwango vya alama za uandishi, yaani ni nukta na mikato mingapi zitamkwe. Hapo programu zote mbili zina ngazi zinazofanana: hakuna, baadhi, nyingi, zote. Kwa barua za kawaida chagua baadhi. Kwa anwani za barua pepe za wateja, panda hadi zote, la sivyo utaruka nukta.

Sasa vidole. Kitu kimoja nabadilisha pande zote mbili, nacho ni kitufe kikuu, yaani kile cha kuiamuru NVDA au Orca. Insert kwenye kompyuta za mkononi mara nyingi imefichwa nyuma ya Fn, au haipo. Tumia Caps Lock, ile iliyoandikwa Verr Maj kwenye kibodi nyingi za kwetu. Kwenye NVDA iko katika mipangilio ya kibodi, na hapohapo chagua mpangilio wa kompyuta ya mkononi. Kwenye Orca, ukichagua mpangilio wa kompyuta ya mkononi, Caps Lock inakuja yenyewe. Kidole chako kidogo cha kushoto hakitauliza tena kiko kazini au nyumbani.

Baada ya hapo ndipo vinapoanza vile vioja ulivyonieleza, na havikutokana na ubovu wa mashine. Ni amri mbili tofauti zilizokalia vitufe vilevile. Kwenye NVDA, kitufe kikuu na T kinataja jina la dirisha. Kwenye Orca kinataja saa. Kwenye NVDA, kitufe kikuu na nafasi kinakutoa kwenye kusoma ukurasa na kukuingiza kwenye kujaza fomu; kwenye Orca kinafungua mipangilio, na ndilo dirisha linalokukera. Kazi hiyo ya fomu kwa Orca iko kwenye kitufe kikuu na A. Nayo A kwa NVDA, katika mpangilio wa mkononi, inaanza kusoma hati yote hadi mwisho, kazi ambayo Orca imeipa nukta mkato. Yaani ukiwa nyumbani ukitaka kusomewa barua ya mteja ukabonyeza A, utadhani Orca imenuna.

Jifunze haya matatu, yaani T, nafasi na A, kabla ya kingine chochote. Karibu kero zote za siku za kwanza zinatoka hapo. Na furaha yenyewe ni kwamba ndani ya kurasa za intaneti herufi nyingi zinakubaliana: H inaruka kwenye kichwa cha habari, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe, E kwenye sehemu ya kuandika, T kwenye jedwali. Ulichojifunza kwa NVDA hakikupotea.

Ruhusa moja nakupa. Jina la dirisha kwa Orca linaombwa kwa kitufe kikuu na alama ya mkwaju (/), na kwenye kibodi ya Kifaransa mkwaju unadai Shift. Hiyo ni kazi ya vidole vitatu kwa swali la kila dakika. Fungua mipangilio ya Orca, nenda kwenye ukurasa wa vitufe, tafuta amri hiyo, bonyeza Enter, kisha bonyeza vitufe unavyotaka, halafu Enter tena. Ila usiipe T. Saa utaihitaji.

Kamusi ya matamshi haihami. Zile "FC" ulizofundisha NVDA iziite faranga, "L'shi" iwe Lubumbashi, itabidi uziandike upya kwenye ukurasa wa matamshi wa Orca. Anza na zile unazokutana nazo kila siku, nyingine zitakuja zenyewe kazini.

Na umeme. NVDA kwa kawaida inahifadhi mipangilio wakati wa kuifunga. Umeme ukikatika kabla hujaifunga, kwenye mashine ya mezani isiyo na betri, kila ulichobadilisha tangu asubuhi kimekwenda. Ukimaliza kurekebisha kitu, bonyeza kitufe kikuu, Ctrl na C papo hapo. Kwa Orca, usitoke dirishani kwa Escape. Tafuta kitufe cha kukubali.

Swali: Baba yetu amepoteza macho kwa sababu ya kisukari. Mtu anatuambia tununue JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, lakini bei yake ni ya kutisha. Ni lazima?
*Binti wa Kampemba*

Jibu: Si lazima, dada. JAWS ni programu nzuri na ya siku nyingi. Ilianza mwaka 1989, enzi za DOS, na ofisi kubwa bado zinaipenda. Lakini NVDA ni ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana kipofu wa Australia aliyeona kuwa asiyeona asilipie kusikia kompyuta ambayo wengine wanaiona bila kulipa. Mwanzishie baba hiyo. Akitaka kuonja JAWS, bila leseni inafanya kazi dakika arobaini kisha inadai uwashe mashine upya, hivyo mtajua kabla ya kutoa hata faranga moja.

Swali: Yaya, mimi ni fundi, kibanda changu kiko karibu na soko. Wateja wasioona wanaletwa na ndugu zao nibadilishe mfumo. Kuna kitu nifanye tofauti?
*Fundi kijana, mtaa wa Kenya, Lubumbashi*

Jibu: Viko viwili, mdogo wangu. Kabla ya kufuta Windows, nakili folda inayoitwa nvda, iliyo ndani ya AppData kisha Roaming, uiweke kwenye flashi ya mteja mwenyewe. Humo mna mipangilio yake yote na kamusi yake, na siku akipata Windows nyingine ataidai. La pili: mwache mteja asikie kazi inavyofanyika. Ukiweka Debian, aina moja ya Linux, kwenye menyu ya kwanza mashine hulia mlio mfupi. Bonyeza s kisha Enter, na usakinishaji wote utasemwa kwa sauti. Mpe kiti, mpe kibodi, nenosiri achague yeye. Ndugu aliyemleta anaweza kwenda kunywa chai.