Mpaka wa shamba: niende Lwangwa au Tukuyu?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mkulima wa Mwakaleli. Jirani yangu amepanda miparachichi akavuka mpaka tulioachiwa na wazee. Safu mbili nzima ziko kwangu. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia niende halmashauri, Lwangwa. Shemeji yangu anasema nipande gari niende kwa Mkuu wa Wilaya, Tukuyu. Wengine wanasema nifungue kesi mahakamani. Hivi sisi ni wa Busokelo au wa Rungwe? Na kesi yangu inasikilizwa na nani?
Mama wa Mwakaleli

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya karani wa mahakama, na watu wa swali lako nimewaona wengi: wanamaliza nauli kwa kuzungushwa ofisi hadi ofisi, na jirani anaendelea kupalilia.

Ninyi ni wa Busokelo na ni wa Rungwe pia. Wilaya ni moja, Rungwe, na Mkuu wa Wilaya ni mmoja, anayeteuliwa na Rais. Ndani ya wilaya hiyo kuna halmashauri mbili, ya Rungwe iliyoko Tukuyu na ya Busokelo iliyoko Lwangwa, kila moja na madiwani wake na mkurugenzi wake. Zahanati, shule ya msingi, ushuru wa mazao, hayo yaulizie Lwangwa. Lakini Mahakama ya Wilaya iko Tukuyu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya liko hukohuko. Tukuyu imekuwa makao ya serikali tangu enzi za Wajerumani, walipouita mji huo Neu-Langenburg. Hata pale Ziwa Masoko, nyumba ya mawe waliyoiacha ukingoni ilikuja kutumika kama mahakama.

Sasa shamba lako. Mkuu wa Wilaya si hakimu. Anaweza kutuliza ugomvi usigeuke mapanga, lakini hana mamlaka ya kutamka kwamba ardhi hii ni ya fulani. Mkurugenzi wa Lwangwa naye hana. Na mwenyekiti wako hakukutendea haki kukusukuma huko, kwa sababu mlango wa kwanza uko kijijini kwenu: Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Omba lije shambani, liwaite wazee waliokuwepo mpaka ulipowekwa, lipime kwa hatua mbele ya jirani yako. Kisha omba muhtasari ulioandikwa na kusainiwa. Nasisitiza karatasi, mwanangu. Nimeona wajane wenye haki kabisa wakishindwa kwa kukosa karatasi.

Msipoelewana, nenda Baraza la Kata. Hapa wengi wanapotea, kwani zamani baraza hili lilikuwa linaamua kesi za ardhi. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 linasuluhisha tu. Likishindwa, linakupa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na hiyo ndiyo unayoingia nayo Tukuyu. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kufikiwa, unaweza kufungua shauri hata bila hati hiyo. Lifungue Baraza la Ardhi na Nyumba, si Mahakama ya Mwanzo. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Mahakama Kuu, Mbeya, ndani ya siku 45.

Usikae kimya kwa kuona aibu ya ujirani. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na miparachichi ikishakomaa, jirani atasema ipo hapo tangu zamani na wewe hukuwahi kulalamika. Piga picha sasa, miti ikiwa bado midogo. Andika majina ya wazee wanaoujua mpaka, maana wazee nao hawatusubiri.

Na tafadhali usiing'oe. Ukigusa hata mche mmoja, jirani atakimbilia polisi, nawe utajikuta Mahakama ya Mwanzo kama mshtakiwa wa kuharibu mali, wakati shauri lako la ardhi halijafunguliwa.

Muhtasari ukishaupata, tuandikie tena. Ndaga fijo, yaani asante sana.