Nikae nyumbani ama niende niharibu kura, gani inawauma?

SWALI: Wakili habari yako. Niko na miaka 27, nina kinyozi hapa Kitengela lakini kura nilijiandikisha kwetu Kakamega. 2022 niliamka saa kumi usiku nikapanga laini, na wale nilichagua ndio hao walikuja kutupandishia ushuru. 2027 sitaki kumpatia mtu yeyote kura yangu. Sasa kisheria, nikikaa nyumbani na nikienda niharibu, gani inawauma zaidi? Na watu wangapi wakikosa kujitokeza ndio uchaguzi unafutwa?

JIBU: Poa ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho maana ni fupi. Hakuna. Kenya haina idadi ya chini ya wapiga kura, hata mkienda watu kumi nchi nzima hao kumi ndio watachagua. Na hii tuliiona na macho Oktoba 26, 2017, ule uchaguzi wa marudio baada ya Mahakama ya Juu kufuta wa Agosti. Raila akasusia, waliojitokeza hawakufika asilimia 39, Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori kura haikupigwa, na bado Uhuru akatangazwa mshindi na asilimia 98. Watu wakaenda kortini, korti ikasema uchaguzi uko sawa.

Utaniambia lakini ile kususia ilifanya kazi, si Machi 2018 Uhuru na Raila walisalimiana pale Harambee House? Ni kweli, na mimi sikatai. Lakini ule mgomo ulikuwa na mwenyewe, mtu wa kuitwa mezani akiulizwa watu wako wanataka nini. Wewe ukilala siku hiyo hakuna atakayeitwa kwa niaba yako, kwa vitabu vya tume ya uchaguzi utahesabiwa pamoja na aliyekuwa mgonjwa, aliyesafiri na aliyekufa lakini jina halijatolewa.

Sasa kuharibu. Katiba kifungu cha 138 inasema rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Watu wakisoma hapo "zilizopigwa" wanadhani karatasi yoyote ikishaingia kwa sanduku imepigwa, kwa hivyo wakiharibu wengi jamaa atashindwa kufika nusu. Hiyo hoja ilipelekwa kortini 2013. Uhuru alikuwa ametangazwa na asilimia 50.07, alikuwa ameruka nusu na kura kama 8,400 tu, na kura zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 108,000, kwa hivyo ilikuwa hesabu ya maana sana. Mahakama ya Juu ikasema kura iliyokataliwa si kura, haifai kuwekwa kwa hiyo hesabu. Ukizitoa hizo anapanda anafika 50.5. Umeona hiyo? Mtu aliyeharibu karatasi akidhani anamvuta chini, hajamvuta hata kidogo.

Kwa hivyo kwa hesabu ya nani ameshinda, kukaa nyumbani na kuharibu ni kitu kimoja. 2022 waliojiandikisha walikuwa 22,120,458, wakapiga kura 14,326,641 ukijumlisha na zile 113,614 zilizokataliwa. Toa mwenyewe kwa simu, waliobaki nyumbani ni zaidi ya milioni 7.79, na Ruto alishinda na milioni 7.18. Yaani "chama cha waliolala" ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote na hakikupata hata kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Tofauti yake na Raila ilikuwa 233,211 peke yake.

Nikwambie kitu nilikiona siku moja nikiwa ajenti wa chama, ndani ya darasa la shule ya msingi, saa tano usiku, taa ya gesi inazimika zimika. Msimamizi wa kituo anainua karatasi moja moja anatuonyesha. Ikatoka moja imeandikwa WOTE WEZI kwa herufi kubwa kutoka juu mpaka chini, tukacheka hata polisi mlangoni akacheka, ikawekwa kando na kwa fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ikawa namba 1 kwa laini ya zilizokataliwa. Hakuna mahali fomu inasema iliandikwa nini. Baadaye ikatoka ingine, huyu aliandika MWIZI na mshale, halafu sijui hasira ama nini akaweka tiki ndani ya kiboksi cha huyo huyo mwizi wake. Tulibishana karibu dakika kumi. Sheria inaangalia kama inajulikana amemchagua nani, maandishi peke yake hayaiui kura, na tiki ilikuwa moja na iko wazi. Akahesabiwa. Mwizi akapata kura!

Sasa maoni yangu, maana naona unataka hayo pia. Hasira yako iko sawa, sitakuambia eti kura ni wajibu mtakatifu, sheria yenyewe haikulazimishi. Lakini kumbuka unapewa karatasi sita si moja. Kama ya urais moyo umekataa, itumbukize tupu, hiyo ni haki yako. Hizo zingine shughulika nazo. MCA, mjumbe (mbunge), hata gavana hawahitaji nusu, anayeongoza tu ndiye huyo, kwa hivyo wadi ikiwa na wagombea kumi na watu 7,000 wakapiga kura, mtu anaweza kuingia na 1,500. Hapo watu hamsini wa steji moja ya boda wanaweza kumwangusha mtu. Na hiyo leseni ya kinyozi unalipa kila mwaka haitoki Ikulu, inapitishwa na hao MCA kwa sheria ya fedha ya kaunti. Mjumbe naye, ule Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita kusomwa mara ya pili Juni 20 na kura 204 kwa 115, na majina yalizunguka kwa simu zetu wote. Wako ulimwangalia?

Ila hapo ndio shida yako iko, na hukuiuliza. Leseni unalipa Kajiado, kura iko Kakamega. Hata ukikasirika namna gani huwezi kumgusa MCA wa Kitengela. Nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unakotaka kuhamia uombe uhamisho, ni bure. Usingoje 2027 ifike maana kura ni Agosti 10 na uhamisho unafungwa miezi kabla, na hiyo laini ya dakika za mwisho unaijua. Beba kitambulisho kile kile ulichojiandikisha nacho.