Jibu: Mwalimu mpya wa hesabu aanzie wapi kwenye intaneti?

Ndugu mwalimu, umeuliza uanzie wapi kwenye intaneti kwa hesabu ya mwaka wa saba, hapa Bukavu. Mimi ningeanza na GeoGebra, app ya kuchora maumbo na grafu, ni ya bure. Ipakue kwenye simu penye Wi-Fi. Baadaye inafanya kazi hata bila mega (data ya intaneti). Chora pembetatu, vuta kona moja, wanafunzi waone jumla ya pembe inabaki digrii 180 ingawa umbo limebadilika. Kwa chaki hilo huliwezi! Khan Academy, tovuti ya masomo ya video, iko pia kwa Kifaransa, ila video zinakula mega. Vitabu vya Sésamath, chama cha walimu wa hesabu wa Ufaransa, ni PDF za bure, mazoezi tele, lakini vinafuata programu ya masomo ya Ufaransa: linganisha kwanza na yetu ya Kongo. Una simu tu, ao na kompyuta?