Faida ijenge, mtaji uachwe dukani

Usiitoe hiyo milioni sita dukani. Nimesoma maelezo yako mara mbili: una duka la vyakula lenye mtaji wa milioni tisa, una kiwanja ambacho msingi wake umekwisha kumwagwa jamvi, na unataka kuchota milioni sita upandishe kuta kabla ya masika. Umeuliza utumie matofali ya inchi tano au ya inchi sita, na kama fundi alipwe kwa siku au kwa kazi nzima. Hukuuliza kama hela hiyo itoke dukani. Umelichukulia hilo kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa, na hapo ndipo moyo uliponiuma, kwa sababu mwaka 2016 mimi pia sikuliuliza.

Duka langu lilikuwa Mbagala, katika fremu ya kukodi, na mtaji wake, nikihesabu bidhaa kwa bei ya kununulia, ulikuwa shilingi 8,400,000. Baada ya kodi ya fremu, umeme na usafiri wa mzigo, nilikuwa nikibakiwa na faida ya 780,000 hivi kwa mwezi. Vyumba viwili nilivyopanga na familia yangu vilikuwa vya 100,000 kwa mwezi. Agosti mwaka huo nilitoa 5,000,000, nikazipeleka kwenye kiwanja changu Vikindu kununua matofali, saruji na nondo, nikiamini kwamba hela bado ni yangu na imebadilisha makazi tu.

Wiki mbili za kwanza hakuna aliyegundua kitu. Kisha mafuta ya kula, ambayo nilizoea kuchukua madumu manne ya lita ishirini kwa mpigo, nikaanza kuchukua dumu moja, nalo likiisha nasubiri mauzo ya siku mbili ndipo niende tena kwa muuza jumla. Kulikuwa na mama lishe aliyekuja kila alfajiri kuchukua kilo tano za mchele, lita mbili za mafuta na nyanya za kopo. Asubuhi moja alikuta mafuta hayapo, akavuka barabara kwenda kwa Mangi, na kwa kuwa amekwisha kufika huko akanunua na mchele. Aliendelea kunisalimia kwa adabu ile ile, ila kwangu alibaki kununua chumvi na kiberiti. Kufikia Novemba faida ya mwezi ilikuwa imeshuka hadi 310,000.

Fanya hesabu hiyo nami taratibu. Kila mwezi nilikuwa nikipoteza 470,000 ili nije kuokoa kodi ya 100,000, na hata hiyo 100,000 nilikuwa bado sijaiokoa, kwa sababu nyumba isiyo na bati haimwondolei mtu kodi. Nilikuwa nimesoma uchumi kidato cha tano na cha sita. Nilijua kwamba mwaka 1932 mchumi Lionel Robbins wa London aliueleza uchumi kuwa elimu ya jinsi binadamu anavyoyahangaikia malengo yake kwa njia chache zenye matumizi zaidi ya moja, na gharama ya fursa niliweza kuieleza bila kusita: ni kile kilicho bora kuliko vyote ulivyoviacha ulipochagua kingine. Hata hivyo sikuwahi kukaa na daftari langu la mauzo nikajiuliza ninaacha nini. Gharama halisi ya ukuta ule haikuwa ile iliyoandikwa kwenye risiti ya saruji; ilikuwa ikiondoka dukani kila alfajiri pamoja na yule mama.

Aliyenipotosha ni msemaji wa semina moja ya uwekezaji, ambayo niliilipia kiingilio cha 30,000. Alisema saruji hupanda bei kila mwaka, kwa hiyo hela iliyo ukutani iko salama kuliko iliyo kwenye rafu. Nina hasira naye mpaka leo kwa sababu alitupa nusu ya hesabu. Tuseme vifaa vya ujenzi vinapanda asilimia kumi kwa mwaka. Zile milioni tano zilikuwa zikinizalia zaidi ya asilimia tisa kwa mwezi. Tena hakumuuliza hata mmoja wetu hela yake inatoka wapi. Mwajiriwa ambaye akiba yake imelala benki, na mwenye duka ambaye akiba yake ndiyo huo mchele na sukari, aliwapa ushauri mmoja na kuwapigisha makofi pamoja.

Kosa lililonimaliza, hata hivyo, lilikuja baadaye. Kufikia katikati ya mwaka 2017 nilikuwa nimechomoa milioni tatu nyingine kidogo kidogo, na kuta zilikuwa zimefika lenta. Duka lilikuwa linapumua kwa shida. Nilimwambia fundi nataka kusimama, akaniangalia kwa huruma ya kweli, akasema, "Bosi, umeshatia milioni nane hapa. Ukiacha sasa umezitupa." Shemeji yangu alisema hivyo hivyo, na usiku mke wangu naye aliniuliza kama kweli tutaliacha pagale watu walicheke. Nikakopa milioni nne kwa kenchi na bati.

Zile milioni nane zilikuwa zimekwisha kutoka, nipaue au nisipaue, na hakuna uamuzi ambao ungezirudisha. Swali lililokuwa mikononi mwangu lilihusu milioni nne tu: zikienda kwenye paa zitanipa nini, na zikienda dukani zitanipa nini? Paa lingenipa nyumba isiyo na milango, plasta, choo wala maji, yaani mahali ambapo bado nisingeweza kulala. Dukani zingerudisha mafuta, sukari na unga kwenye rafu. Badala yake marejesho ya mkopo yakawa yanatoka kwenye mauzo, na Machi 2018 nikarudisha ufunguo wa fremu. Serikali za Uingereza na Ufaransa, ambazo mwaka 1962 zilikubaliana kutengeneza ndege ya Concorde, ziliendelea kumwaga fedha huku gharama zikipaa kupita makadirio. Ndege 14 tu ndizo zilizoingia kwenye usafiri wa abiria, na kosa hili la kuifuata hela iliyokwisha kutoka likaja kuitwa kwa jina la ndege hiyo. Kwa hiyo usidhani linawapata wasiosoma peke yao.

Ndiyo maana nakuomba, ndugu yangu, ushike jambo hili moja: faida ijenge, mtaji usiguswe. Ukibakiza laki mbili mwezi huu, nunua matofali ya laki mbili, uyapange kiwanjani, urudi dukani. Msingi uliokwisha kumwagwa usikusukume; jamvi hilo litakusubiri miaka mitatu bila kukudai kitu, ilhali mteja hasubiri hata asubuhi moja.

Leo ukifunga duka, andika faida ya miezi mitatu iliyopita, kisha chagua bidhaa ambazo utaacha kuziagiza mtaji ukibaki milioni tatu, uzikate kwa majina na utafute faida ya zile zitakazobaki. Ukipata namba hizo mbili ziweke hapa tuzipitie pamoja, hata kama fundi umekwisha kumwahidi Jumatatu.