Swali la lugha: "Shule ya mawazo", "mdhanifu" na majina mengine ya falsafa

SWALI: Nafundisha utangulizi wa falsafa ya Magharibi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na nataka kutumia Kiswahili. Je, ni sahihi kusema "shule za mawazo"? Na wafuasi wa udhanifu (uhalisi kwa msingi ni wa akili), uyakinifu (kilichopo kwa msingi ni maada, yaani vitu vya kushikika) na urazini (maarifa hutoka kwenye akili) niwaite wadhanifu, wayakinifu na warazini? Darasani maneno haya yanaleta mkanganyiko.

JIBU: "Shule ya mawazo" achana nayo. Kwa Mswahili shule ni mahali penye mwalimu na wanafunzi, kwa hiyo neno hilo litumie panapostahili. Plato alianzisha Akademia yake Athens mnamo 387 KK, Aristotle akafuata na Lisiamu mwaka 335 KK, na Zeno wa Kitio alifundishia kwenye ukumbi wa nguzo ulioitwa stoa, ambao ndio uliowapa wafuasi wake jina la Wastoiko. Hizo zilikuwa shule kweli. Descartes, Spinoza na Leibniz, wanafalsafa wa urazini, hawakuwa na shule ya pamoja, ila fikra zao zinakwenda upande mmoja. Hao ni wa mkondo mmoja, na wingi wake ni mikondo. "Madhehebu" lingefaa kwa asili yake ya Kiarabu, lakini leo ukilitamka darasa zima linafikiria kanisa au msikiti.

Kwenye wafuasi ndipo penye kazi. Kiambishi m-/wa- kinadondosha ile u- inayobeba jina la mkondo, na mzizi unaobaki una maana yake ya kila siku. Razini ni mtu mwenye akili timamu. Ukimwita Descartes "mrazini", umeshasema kimyakimya kwamba Locke na Hume, walio upande wa pili, wana kasoro kichwani! Mdhanifu naye ni mtu wa kudhanidhani mambo. Dawa ni mwana-/wana- inayoacha jina la mkondo likiwa zima: mwanaurazini, wanaudhanifu, wanauyakinifu. Ni mtindo uleule wa mwanaisimu na wanamapinduzi. Ni refu kidogo, lakini halidanganyi. Kwa sababu hiyohiyo sema "hoja ya udhanifu" badala ya "hoja ya kidhanifu", maana hii ya pili inasikika kama hoja ya kubahatisha.

Wastoiko usiwaguse. Wamo katika Biblia ya Kiswahili pamoja na Waepikureo, Matendo 17:18, na wanafunzi wengi wameshakutana nao huko. Mafundisho yao yaite Ustoiko. Kwa Locke na Hume, "falsafa ya tajriba" inatosha, kwa kuwa tajriba, yaani yale tunayoyapata kwa hisi, ndiyo wanayoitaja kuwa chimbuko la maarifa. Wafuasi ni wanatajriba.

Neno la hatari kuliko yote ni uyakinifu. Limezoeleka kwa mkondo unaosema kilichopo kwa msingi ni maada, lakini ndani yake mwanafunzi anasikia yakini. Mpe sasa Descartes, ambaye katika kitabu chake cha Tafakuri cha 1641 anashuku kila kinachoshukika ili apate jambo la yakini, naye atamwandika mwanauyakinifu. Kumbe Descartes anaitenga nafsi na maada kabisa. Siku ya kwanza andika ubaoni "uyakinifu: falsafa ya maada", na hayo maneno mawili ya mwisho yarudie kila mara hadi yakae. Tofautisha pia uhalisi, yaani hali ya mambo yalivyo, na uhalisia, ambao ni mkondo unaoshikilia kuwa vitu vipo bila kutegemea akili zetu. Aliyesoma fasihi ataudhani uhalisia kuwa ni ule wa riwaya zinazochora maisha ya kawaida.

Fasihi hiyohiyo inaleta tatizo jingine. Sekondari, wanafunzi wamezoea kipengele cha "falsafa ya mwandishi", ambacho hujibiwa kwa sentensi moja: mwandishi anaamini kuwa ukombozi hupatikana kwa umoja. Hapo falsafa imekuwa imani. Wakifika kwa Berkeley, mwanaudhanifu, watakuandikia "Berkeley anaamini kuwa vitu vipo kwa kutambuliwa na akili", kisha waweke nukta. Piga marufuku "anaamini" kwa wiki chache za mwanzo. Dai "anashikilia kuwa… kwa sababu…", na sehemu ya pili ikikosekana, jibu halijakamilika. Hata fasili ziende hivyo: "Udhanifu ni mkondo unaoshikilia kuwa uhalisi, kwa msingi wake, ni wa akili na si wa maada." Ukianza na "ni imani kwamba", umewarudisha kulekule.

Jina lije baada ya swali. Tumbukiza kijiti kwenye glasi ya maji kitaonekana kimepinda. Uliza: tunajuaje kuwa hakijapinda? Atakayesema "nikikigusa nahisi kimenyooka" umweke upande wa tajriba, na atakayesema "akili inakataa kijiti kupinda na kunyooka kwa maji tu" umweke upande wa urazini. Majina yaandike hapo, hoja zikiwa bado mezani.

Na ile kauli ya Descartes ya 1637? Wengi huandika "Nafikiri, kwa hiyo nipo". "Nafikiri" ya mazungumzo mara nyingi ni "nadhani", kama katika "nafikiri atakuja kesho", na yeye hapo hadhani kitu. "Ninafikiri", kwa -na- kamili, huonyesha tendo linaloendelea. "Basi" ni nyepesi kuliko "kwa hiyo", na inafaa zaidi, kwani Descartes mwenyewe alikana kwamba ameunda hoja ya hatua kwa hatua. Andika: "Ninafikiri, basi nipo."