Jibu: Mama huona giza akiinuka alfajiri, presha imepanda?

Ndugu, umesema mama yenu hapo Langoni ana miaka 70, anameza vidonge vya presha, na akiinuka kwa swala ya alfajiri huona giza. Majirani wanataka aongezewe dawa. Msiongeze. Giza la kuinukia mara nyingi ni presha kuporomoka.

Mtu akisimama, zaidi ya nusu lita ya damu huteremka tumboni na miguuni. Kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingoni, na ule mkuu utokao moyoni, mna vihisi vinavyopima ukuta umevutika kiasi gani. Ukilegea, shina la ubongo hupata habari, na ndani ya sekunde chache moyo huenda mbio na mishipa hubana. Figo nazo hutoa kemikali iitwayo renini, na mwisho wa mlolongo wake mishipa hubana na chumvi huzuiwa isitoke na mkojo. Lakini hiyo ni kazi ya dakika hadi siku. Haimfai aliyekwisha simama.

Uzeeni vihisi hivyo huwa vizito. Tia hapo joto la kaskazi, jasho na kidonge cha kukojoza, damu yenyewe inapungua mishipani.

Mpimeni hivi: alale dakika 5, pima. Asimame, pima dakika ya 1 na ya 3, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Ukining'inia, mashine husoma juu kuliko ilivyo, na wengi hukosea hapo hapo. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, tatizo ni hilo. Andikeni na mapigo: yakiruka sana, shukuni upungufu wa maji, yasiposogea, huenda ni neva zilizochoshwa na kisukari, au dawa inayotuliza moyo kama atenolol.

Namba zote mpelekeeni daktari, dawa msikatize wenyewe. Kwa sasa aketi ukingoni mwa kitanda dakika 2 akichezesha nyayo, anywe glasi mbili za maji kabla ya kuinuka (ila kama amepunguziwa maji kwa ajili ya moyo au figo), na kwenye sijida asiinuke kwa mkupuo. Kuswali ameketi kunaruhusiwa kwa mgonjwa. Ngazi zenu za nyumba ya mawe asizishuke gizani peke yake. Akizimia, akibanwa kifua au mdomo ukienda upande, hospitali moja kwa moja, mashine iacheni.