Buibui akifa mbona miguu inajikunja?

SWALI: Mhariri habari, hivi kwa nini buibui akifa miguu yote inajikunja inaingia chini ya tumbo? Na mguu wa mdudu una vipande vingapi, maana mi kila nikihesabu napata namba tofauti.

JIBU: Salama kabisa. Tuanze na hesabu. Mdudu wa miguu 6, awe panzi, nyuki au mende, mguu wake una vipande 5: koksa iliyoshikana na kifua, trokanta, femuri (ndo paja), tibia, halafu tarsi yenye kucha mwishoni. Unachanganyikiwa sababu trokanta ni kadogo mno unakaruka, alafu tarsi yenyewe imegawanyika vijipande vidogo na wewe unavihesabu kimoja kimoja. Buibui yeye ana 7, kaongezewa patela katikati ya femuri na tibia, na metatarsi kabla ya tarsi.

Sasa hawa wote mifupa hawana, ganda liko nje na misuli imo ndani. Mwangalie panzi, lile paja nene la nyuma limejaa misuli, mmoja mkubwa wa kunyoosha tibia na mwingine mdogo wa kuikunja, akitaka kuruka anakunja mguu kwanza kisha anaikaza yote miwili kwa pamoja mpaka ganda la pale gotini linapinda kidogo, akilegeza ule wa kukunja tu basi, tibia inafyatuka kama upinde.

Buibui ndo kituko. Kwenye viungo vyake viwili vikubwa, pale femuri inapokutana na patela na pale tibia inapokutana na metatarsi, ana misuli ya kukunja peke yake, ya kunyoosha hana! Ili anyooshe mguu anasukuma damu kwa presha kutoka kwenye sehemu ya mbele ya mwili mpaka miguuni. Akifa presha inashuka, hakuna tena kinachonyoosha, miguu inajikunja. Hata aliye hai akiishiwa maji mwilini utaona imeanza kujikunja.

Na usidhani miguu ni ya kutembelea tu jamani. Nyuki anabebea chavua kwenye tibia za nyuma, nyenje masikio yake yako kwenye tibia za mbele, chini kidogo ya goti, na nzi anaonja kwa tarsi, akikanyaga sukari tu mdomo unashuka wenyewe.